Kabla hujawatega watoto wa Darasa la Pili

Jumanne, kipindi cha tatu, nilipita nje ya Darasa la Pili nikakuta ubao umejaa matunda. Embe jumlisha embe jumlisha embe, 30. Embe na vishada viwili vya ndizi, 18. Kishada kimoja kutoa nazi, 2. Halafu ule mstari wa mwisho: nazi jumlisha embe jumlisha ndizi, ngapi? Ujanja wake mnaujua. Kishada cha mwisho kina ndizi tatu badala ya nne, nazi ni kipande kimoja badala ya viwili, kwa hiyo jibu ni 14 na si 16. Limezunguka kwenye magrupu ya simu mpaka limechakaa.

Mwalimu wetu wa BTP, mwanachuo aliyekuja kwa mazoezi ya kufundisha, alikuwa amelichora kwa chaki, na kwa mchoro ule ndizi tatu na ndizi nne zote zilikuwa kama kiganja cha mtoto. Watoto 92, kipindi cha dakika 30, wote wamekosa, na yeye anacheka. Hacheki kwa ubaya. Anacheka kwa mapenzi kabisa, kama nilivyokuwa nacheka mimi.

Basi wadogo zangu, najua shikamoo zenu zimepoa tangu nilipoingia nikafuta ubao. Nisameheni hilo. Lakini nimefundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, miaka 19 hapa Kigoma, na kila muhula mnapokuja wapya matunda yale yanarudi ubaoni. Kwa hiyo naandika, nisirudie tena kwa mdomo.

1. Swali la ujanja lijaribu ofisini kwanza, kabla hujaliingiza kwenye andalio la somo. Siku ile ile saa nne, wakati wa chai, niliwauliza walimu wenzangu: samaki na limau kwa pamoja ni shilingi 1,100, samaki amezidi limau kwa shilingi 1,000, limau ni bei gani? Walimu sita, watano wakasema mia moja, tena kwa sauti. Mmoja ndiye aliyenyamaza, akapiga hesabu kwenye kiganja, akasema hamsini, samaki 1,050. Mtaaluma, mwalimu wetu msimamizi wa masomo, mmoja wa wale watano, alikasirika hadi akaacha kitumbua chake. Alisema swali limekaa vibaya, halafu kwamba nimelitamka haraka, halafu kwamba limau la shilingi hamsini halipo sokoni Mwanga. Mkuki kwa nguruwe. Mtu mzima mwenye cheti ameumia kwa kukosa swali moja mbele ya watu watano anaokula nao kila siku. Sasa mweke wa miaka saba mbele ya 91.

2. Hili ni refu, vumilieni.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa shule ya huko chini, karibu na ziwa. Nilikuwa kijana, nimetoka chuo na daftari la chemshabongo nililonakili kwa rafiki yangu wa bwenini, na nilitaka sana nijulikane kama mwalimu wa hesabu anayechangamsha. Siku moja mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Nikaandika ubaoni: Meli ya Liemba imepakia magunia 26 ya dagaa na magunia 10 ya mchele. Nahodha ana umri gani?

Mikono ikapanda darasa zima. Nikamchagua mtoto mmoja, mwana wa muuza samaki wa Kibirizi, mwembamba, shati la kaka yake limemfika magotini. Alikuwa bora wangu. Alikuja ubaoni akachora mistari yake, makumi huku, mamoja huku, akapanga 26 juu na 10 chini, akajumlisha kuanzia mamoja kama nilivyomfundisha. 36. Hata ile 6 aliiandika vizuri, tumbo lake limekaa kwenye mstari. Akageuka kuniangalia, anasubiri makofi yake.

Nikamuuliza, "Kwani nahodha ni gunia?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu mkuu akacheka mlangoni. Nami nikacheka. Mtoto akabaki na chaki mkononi. Hakulia, na kwa kuwa hakulia nilidhani yameisha. Jioni kwenye shajara niliandika kwamba somo limeeleweka.

Wiki iliyofuata nilimuuliza tano jumlisha tatu. Swali la kawaida kabisa. Akasimama, akaniangalia kwa muda, akauliza, "Mwalimu, hili ni la kweli?"

Nilidhani ni utundu. Halafu ukaja mtihani wa muhula. Hesabu za tarakimu alipata zote. Mafumbo, yale ya "Asha ana maembe mangapi", aliyaacha wazi yote kumi. Si kwamba alikosa. Hakuandika kitu, hata namba ya kubahatisha. Nikampigia mstari mwekundu, "Ongeza bidii." Nani aongeze bidii!

Jumamosi moja nikashuka Kibirizi kununua migebuka. Nikamkuta yeye kwenye meza ya mama yake. Kila mmoja shilingi mia tano, nikachukua saba, nikatoa noti ya elfu tano. Mama yake hajamaliza hata kufunga mfuko, mtoto ameshanihesabia elfu moja na mia tano yangu. Darasa la Pili! Nikainama nikamwambia, mbona hizi unaziweza na za kwenye mtihani huziandiki? Akamtazama mama yake kwanza. Akasema, "Hizi si za mtego."

Nikaona aibu, lakini nikataka kujitetea, kama mtaaluma na limau lake. Nikamuuliza, siku ile kwa nini ulisema thelathini na sita, kwani hukujua nahodha hahesabiwi na magunia?

"Nilijua," akasema. "Lakini wewe ndiye uliyeuliza."

Niliondoka na migebuka yangu nikapanda mlima mzima kwa miguu, nauli ninayo.

Miaka kadhaa baadaye, kwenye mafunzo kazini, mkufunzi alitusimulia kuhusu watafiti wa Grenoble, Ufaransa, karibu mwaka 1980. Waliwauliza watoto 97 wa umri wa darasa la pili na la tatu: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Watoto 76 walitoa umri wa nahodha kwa kutumia namba zile zile. Ukumbi ukacheka, watoto wa Wazungu nao hawana akili. Mimi sikucheka. Kumbe swali la daftari langu lilitoka huko, kondoo wamegeuka magunia njiani. Na mtoto wa Kibirizi alikuwa amenieleza sababu yake zamani, bure, juu ya meza ya samaki. Mtoto wa umri ule anaposoma swali anamsoma na mwalimu. Akiona halina maana, atadhani kasoro ni yake, wewe huwezi kumwuliza upuuzi. Ukimcheka kwa imani hiyo hujampima hesabu hata chembe.

Kama alirudi kuyaandika mafumbo sijui. Nilihamishwa Januari.

3. Hapo mtasema nimekataza chemshabongo. Sijakataza. Bibi zetu walitega watoto kila jioni na hakuna aliyekimbia shule. Angalieni walivyofanya. Kwanza "Kitendawili!", na kama mtoto hajajibu "Tega!", hakutegwi kitu. Ameruhusu mwenyewe. Anajua kuanzia hapo maneno yana hila. Akishindwa, hachekwi na kuachwa na chaki mkononi. Anaambiwa "nipe mji", anatoa Kasulu au Ujiji, mtegaji anakwenda kwenye mji huo, anakula na kunywa, halafu anatoa jibu. Aliyeshindwa ametoa mji mzima! Kwa hiyo darasani kwangu swali la ujanja halipandi ubaoni bila kuitikiwa "Tega". Ijumaa, kipindi cha mwisho. Siku nyingine zote swali ni la kweli, na watoto wanajua hivyo.

4. Vizibo vya soda. Anza navyo, maliza navyo.

Hapa kuna jambo linalonishangaza hadi leo. Gawa vizibo kumi kwa kila watoto wanne, waambie watenge mafungu mawili, fungu moja lizidi jingine kwa viwili. Wengi wanaanza na nane na mbili, kosa lile lile la limau. Halafu wanapanga fungu moja mbele ya jingine, wanaona limezidi mno, wanahamisha kimoja, wanapanga tena. Wanahamisha kingine. Sita na nne. Hakuna aliyewaambia, na hakuna aliyeumbuka, kwa sababu aliyewakatalia ni vizibo. Ni fumbo lile lile lililomfanya mtaaluma aache kitumbua. Piaget mliyemkariri chuoni alisema mtoto wa miaka saba hadi kumi na moja anafikiri vizuri juu ya vitu anavyoviona na kuvishika. Mlipata alama kwa kulijibu, basi litumieni.

Ile ya mtumbwi pia inafaa, ya kuvusha chui, mbuzi na majani kimoja kimoja bila kimoja kumla kingine. (Ni ya kale mno. Wazungu waliiandika kwa Kilatini zaidi ya miaka elfu iliyopita, wao wana mbwa mwitu na kabichi.) Chora ziwa sakafuni, watoto wawe chui na mbuzi, mwingine abebe majani, wavuke. Safari saba. Mwaka jana mmoja aliuliza kwa nini chui asifungwe kamba. Nikampa vema, ni mtoto wa mvuvi, kamba anazijua.

Konokono wa kisimani, anayepanda mita tatu mchana na kuteleza mbili usiku, mwacheni mpaka Darasa la Tano.

5. Mtoto alirudie swali kwa maneno yake kabla hajakokotoa. Watoto wetu wengi hapa lugha ya nyumbani ni Kiha, Kiswahili wanakutana nacho kwako. Ile ya ndege watano mtini, mwindaji kapiga mmoja, wamebaki wangapi, niliwahi kujibiwa "mmoja, yule aliyekufa, wengine wameruka". Jibu la kitabu ni sifuri. Mimi nilishindwa kumkosesha.

6. Zawadi ya peremende kwa wa kwanza, acheni. Watoto wanaanza kubahatisha.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nimewaruhusu wanitege mimi. Akasimama msichana wa dawati la mbele, meno mawili ya juu hayapo.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina kaka watatu. Kila kaka ana dada mmoja. Kwetu watoto wangapi?"

Nikajua anataka niseme sita. Nikajivuna kidogo, nikasema wanne, wewe na kaka zako watatu.

"Watano," akasema. "Jana usiku mama amejifungua. Wa kiume."

Darasa likapiga meza. Nikampa Tabora. Akaikataa, kuna vumbi, akataka Bujumbura.