Jibu: Msanii aliyeondoka mchanga, kwao ni wapi?

Umeuliza, ndugu yangu, kama Lubaina Himid, aliyeondoka Unguja akiwa mtoto mchanga, anaweza kuhesabiwa msanii wa kwetu. Mimi nasema naam, na ushahidi wangu ni kanga.

Alizaliwa Zanzibar 1954, akakulia Uingereza, na 2017 akapata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya huko Uingereza. Kanga inarudi tena na tena katika kazi zake. Hebu tandika ya mama yako uitazame: pindo limezunguka pande zote, katikati mji, chini yake jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Mji na jina! Kwao mtu na nafsi yake vimo katika nguo moja, nasi tunajifunga kila siku wala hatuwazi.

Kisha itafute kazi yake Naming the Money ya 2004. Ni watu 100 wa mbao bapa, kimo cha mtu mzima, wamesimama ukumbini, unapita katikati yao. Kila mmoja ni mtumwa, ana jina la kwao na jina alilobandikwa na bwana wake. Kwa sisi tunaopita Mkunazini, hapa mjini Unguja, palipokuwa na soko la watumwa hadi 1873, majina yale yanauma.