Mashine ya betri ya kukatia nyasi: ipi itamfaa mzee?

SWALI

Ndugu Mhariri,

Baba yetu ametimiza miaka 76 na bado anakata nyasi za bustani yake kwa mikono yake, kazi anayoipenda na asiyokubali kumwachia mtu mwingine. Mashine yake ya petroli sasa imemshinda, kwa kuwa kuvuta kamba ya kuwashia kunamuumiza bega, na vidole vyake vina baridi yabisi. Bustani ina ukubwa wa mita za mraba zipatazo 250, na upande wake mmoja una mteremko mdogo. Sisi watoto tumekubaliana kumnunulia mashine ya betri, ila kaka yangu anataka ile yenye nguvu kuliko zote ili mzee asihangaike, nami naiona kuwa ni kubwa mno. Tuchague ipi?

JIBU

Ndugu msomaji, nia ya kaka yako ni njema, lakini katika hili tunakuunga mkono wewe. Mashine zenye nguvu nyingi hutengenezwa kwa ajili ya viwanja vikubwa, na nguvu hiyo huja pamoja na mota nzito, betri nzito na mara nyingi bodi ya chuma. Mashine ndogo ya kusukuma, yenye upana wa kukata wa sentimita 32 hadi 37 na bodi ya plastiki ngumu, kwa kawaida huwa na uzito wa kati ya kilo 10 na 17, ilhali ile ya sentimita 50 inayojiendesha yenyewe inaweza kukaribia au hata kuzidi kilo 30. Kusukuma mbele kwenye ardhi tambarare si tatizo kubwa kwa mzee anayetembea vizuri. Kinachomchosha, na wakati mwingine kumwangusha, ni kugeuza mashine kila afikapo mwisho wa mstari, kuivuta nyuma penye kona, na kuinyanyua kuivusha kizingiti cha stoo.

Kaka yako anaweza kujibu kwamba mashine nyembamba itamtembeza mzee zaidi, na hilo ni kweli. Tukichukulia kwamba kila mstari unaingia kidogo juu ya mwenzake, mashine ya sentimita 35 hukata takribani sentimita 30 mpya kwa kila mwendo, kwa hiyo bustani yenu itamtaka mzee atembee mita zipatazo 830. Ile ya sentimita 50 ingemtaka atembee kama mita 560. Tofauti hiyo ni chini ya mita 300, na kwa maoni yetu ni afadhali mzee aongezewe hatua hizo kuliko kuongezewa kilo 15 za kugeuzageuza.

Kuhusu betri, msihadaike na namba ya volti iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Seli moja ya betri ya lithiamu huhesabiwa kuwa na volti 3.6, nayo hupanda hadi volti 4 na zaidi kidogo inapokuwa imejaa, ndiyo maana betri ya seli 10 zilizofuatana inaweza kuuzwa na kampuni moja kama ya volti 36 na na nyingine kama ya volti 40, ingawa ni kitu kilekile. Kinachoeleza kazi itakayofanyika ni wati-saa, nazo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 36 yenye ampea-saa 4 ina wati-saa 144. Badala ya betri moja kubwa, tungependekeza mnunue mbili za wastani. Kila moja itakuwa nyepesi kuichomoa na kuipeleka kwenye chaja, na ya kwanza inapoisha mzee atalazimika kusimama, jambo ambalo wazee wengi wenye bidii hawalifanyi kwa hiari. Kwa kuwa betri hubeba sehemu kubwa ya bei, ulizeni kabla ya kulipa kama inauzwa peke yake na kama inaingia kwenye vifaa vingine vya kampuni hiyohiyo.

Tuje kwenye vidole, ambavyo kwetu ndivyo vinavyoamua. Mashine hizi huwashwa kwa kubonyeza kitufe huku ukivuta fimbo iliyo kwenye mpini, na fimbo hiyo sharti ishikiliwe muda wote wa kazi. Ukiiachia, mota huzimika na kisu husimama. Kanuni za usalama za Marekani, kwa mfano, zinataka kisimame ndani ya sekunde 3. Kwa mtu mwenye baridi yabisi, fimbo pana inayobanwa kwa kiganja chote pamoja na mpini ni bora kuliko kifyatuo cha kuvutwa kwa kidole kimoja au viwili. Msikubali kabisa ushauri wa kuifunga kwa kamba ili mkono upumzike, kwani hapo kinga yote ya mashine inakuwa imeondolewa.

Kwa hiyo nendeni dukani pamoja na mzee mwenyewe, hata kama mlitaka iwe zawadi ya kushtukiza. Mwacheni achomeke betri na kuichomoa, ashike fimbo kwa dakika chache, abadilishe kimo cha kukata (chagueni ile yenye mkono mmoja unaopandisha magurudumu yote kwa pamoja, si ile ya kuinamia gurudumu mojamoja), akunje mpini, kisha aurefushe hadi asimame bila kupinda mgongo. Akishindwa na klipu ya betri dukani, nyumbani itamshinda zaidi.

Mfuko wa kukusanyia nyasi nao usisahaulike, kwani nyasi mbichi zikiujaza ni mzigo mzito wa kuinua na kumwaga. Mashine inayoweza kuzikatakata nyasi hadi ziwe vipande vidogo na kuziacha palepale humwondolea mzee mzigo huo, na vipande hivyo vikioza huirutubisha ardhi.

Mteremko mdogo hauhitaji mashine inayojiendesha, ila mzee awe akikata kwa kuukingama badala ya kupanda na kushuka, tena nyasi zikiwa kavu. Ikiwa pumzi au magoti yake ni dhaifu, hapo inayojiendesha inafaa, mradi mwendo wake uweze kupunguzwa hadi ulingane na hatua zake, maana zipo zinazomburuta mtu. Na kama ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, daktari wake aulizwe kwanza, kwa sababu mota ya umeme hutoa uga wa sumaku.

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mama yangu ana mashine ya betri ambayo zamani ilimaliza uwanja wote kwa chaji moja, lakini sasa huzimika katikati. Je, betri imekufa?

JIBU

Huenda imechoka, lakini kabla ya kununua nyingine kagueni kisu na nyasi. Kisu butu, nyasi ndefu au zenye unyevu huilazimisha mota kula umeme mwingi zaidi. Mama akate mara kwa mara, kila mara akiondoa si zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi, na zikiwa zimerefuka sana aanze na kimo cha juu, kisha arudie siku nyingine kwa kimo cha chini. Betri isiachwe juani wala ndani ya gari lenye joto, ipoe kabla ya kuchajiwa, na ikiwa haitatumika kwa miezi kadhaa ihifadhiwe mahali pakavu na baridi kiasi, ikiwa na chaji ya kama nusu. Kisu na kinolewe na fundi au kijana wa nyumbani, na yeyote atakayekigusa achomoe kwanza betri, pamoja na ufunguo wa usalama ikiwa mashine inao. Mashine isafishwe kwa brashi na kitambaa, si kwa mpira wa maji. Yote hayo yakifanyika na bado inazimika katikati, basi betri ndiyo imefikia mwisho. Ile ya zamani ipelekwe panapokusanywa betri chakavu, isitupwe pamoja na takataka za nyumbani, kwa kuwa betri ya lithiamu ikipondwa inaweza kuwaka moto.