Dawa nyeupe iliyomliza mwanangu: walikosea mshipa?

SWALI: Habari dokta. Mwanangu wa miaka 5 alifanyiwa opareshi ya mafindofindo mwezi uliopita, nikaruhusiwa kuingia naye thieta mpaka alale. Kanula (kile kijibomba cha kupitishia dawa mshipani) alishawekewa nyuma ya kiganja na alikuwa katulia kabisa, anamsimulia nesi habari za katuni, mara wakaanza kumsukumia dawa nyeupe kama maziwa, akapiga yowe "mama mkono unaungua!" huku anauvuta, halafu ghafla kimya, kalala. Nikatolewa nje natetemeka. Opareshi ilienda salama ila ile sauti haijanitoka masikioni. Je walikosea mshipa? Au walimpa dawa ambayo si yake? Nauliza kwa sababu anatakiwa arudi tena kwa opareshi ya ngiri.
– Mama Nisiyelala

JIBU: Pole sana mama, na nianze na hilo la mshipa maana ndo linalokunyima usingizi. Dawa ikimwagika nje ya mshipa mtoto halali vile, anabaki macho analia na pale kwenye kanula panavimba. Wako alilia kidogo akazima kama taa, maana yake dawa ilipita palepale ilipotakiwa kupita.

Kwa unavyoieleza hiyo ni propofoli, dawa ya usingizi ambayo ni nyeupe namna ile na inajulikana kwa kuunguza. Yenyewe haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo inachanganywa na mafuta ya soya na lesithini ya kiini cha yai, ndo unaona rangi ya maziwa. Aliyeivumbua ni daktari wa mifugo, John Glen, alipokuwa kampuni ya ICI ya Uingereza, na mwanzoni waliiyeyusha kwa kemikali nyingine ikaleta mzio mbaya kwa baadhi ya watu, wakairudisha maabara wakaja na hii ya mafuta iliyoanza kutumika 1986. Mzio ukapungua lakini kuunguza kukabaki. Kuna kiasi kidogo cha dawa kinachobaki kwenye maji badala ya kujificha ndani ya matone ya mafuta, na hicho ndo kinagusa ukuta wa mshipa na kuuchoma. Kwa watu wazima bila kinga yoyote karibu 6 kati ya 10 wanalalamika. Kwa watoto hali ni ngumu zaidi kwa sababu vimishipa vya kiganja ni vyembamba, damu inapita kidogo, dawa inakaa imegusana na ukuta badala ya kuzimuliwa haraka.

Sasa sitaki usome hapo ukadhani nasema ni kawaida basi uvumilie. Ni kawaida ila inapunguzika, na mimi binafsi naona mtoto kulia "naungua" si kitu cha kuzoea eti kwa sababu ni sekunde 20 tu. Kinachosaidia sana ni mshipa mkubwa, hasa ule wa kwenye mkunjo wa kiwiko. Halafu kuna lignokeini, ile dawa ya ganzi, wengine wanaichanganya kidogo na propofoli yenyewe muda mfupi kabla ya kuichoma, wengine wanaitanguliza mshipani huku mkono umebanwa kwa juu kama dakika moja ndipo wanaachia na kusukuma propofoli. Hiyo ya kubana inafanya kazi vizuri sana ila mtoto aliyeshaogopa hakubali mkono ubanwe, basi kuchanganya ndo rahisi. Kutanguliza dozi ndogo ya dawa kali ya maumivu nako kunasaidia, na zipo propofoli za mafuta ya aina mbili ambazo zinaunguza kidogo kuliko zile za kawaida.

Kwa hiyo safari ya ngiri, siku ya kuonana na mtaalamu wa usingizi mweleze hivihivi ulivyoniandikia mimi. Sema "mara ya kwanza dawa ilimuunguza, nyuma ya kiganja, mtafanyaje safari hii?" Hutamkera, anahitaji kujua. Na uliza saa kamili ya mwisho ya kunywa maji, maana watoto wengi wanafungishwa tangu usiku bila sababu, wakati maji matupu kwa kawaida yanaruhusiwa mpaka masaa mawili kabla ya dawa ya usingizi na sehemu nyingine mpaka lisaa limoja kabla. Mtoto aliyekauka mishipa inajificha, anaishia kuchomwa mara tatu kwenye kiganja.

Na mwanao usimwambie haitauma. Mwambie mkono unaweza kupata moto kidogo halafu utalala, na mama nipo. Akidanganywa mara moja tu, safari ya tatu hata geti la hospitali hapiti.

SWALI: Dokta, binti yangu wa miaka 4 anaogopa sindano kupita kiasi. Nimesikia kuna krimu ya ganzi na kuna kulazwa kwa gesi bila sindano. Nichague ipi?
– Baba wa binti mmoja

JIBU: Baba, hivyo ni vitu viwili tofauti. Krimu yenye lignokeini na prilokeini inapakwa na kufunikwa kama saa 1 kabla (ukipaka dakika 10 kabla umepaka losheni tu), nayo inaua maumivu ya sindano kutoboa ngozi. Ule mchomo wa propofoli ndani ya mshipa haiufikii, kwa hiyo usishangae akikaa kimya kwenye kanula halafu akalia kwenye dawa. Gesi, mara nyingi sevoflureni, anaivuta kwa maski na kulala ndani ya dakika moja au mbili, kanula anawekewa akiwa hajitambui. Kwa mtoto kama wako ni njia nzuri, ila wengine wanapigana na maski kweli, na wakiamka wanaweza kuwa na fujo na kulia bila kukutambua kwa muda kidogo, inapita. Cha muhimu, kama kwenye ukoo wenu kuna mtu aliwahi kupandisha joto la kutisha au kufariki ghafla akiwa kwenye nusukaputi, LITAJE kabla ya kitu kingine chochote, maana hapo gesi hizo hazitumiki kabisa.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa unesi. Nimeona mtoto keshalala kabisa, wakamchoma dawa ya pili akauvuta mkono kwa nguvu. Alikuwa anasikia?
– Mwanafunzi thieta

JIBU: Dawa hiyo inawezekana ilikuwa rokuroniamu, ya kulegeza misuli. Ina asidi na inauma mshipani, na watoto wengi wanauvuta mkono hata wakiwa wamelala, ni mwili unajibu wenyewe, haina maana kwamba yuko macho. Wewe kazi yako dakika ile ni kushika kanula isichomoke.