Nimemlilia Paka Wangu: Je, Nimekosea?

SWALI

Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mjane. Paka wetu aliletwa nyumbani na marehemu mume wangu akiwa bado kitoto, tukaishi naye miaka 13. Mume wangu alipofariki, paka yule aliendelea kukaa mlangoni kila jioni, saa ile ile ambayo mume wangu alikuwa akirudi kutoka msikitini. Mwezi uliopita aliacha kula. Nikadhani ni uzee tu, nikakawia siku nne kumpeleka kwa daktari wa mifugo, na nilipompeleka nikaambiwa figo zake zimeshindwa kufanya kazi. Alikufa usiku ule mapajani mwangu. Nilimfunga kwa kanzu kuukuu ya mume wangu, nikamzika uani na kuweka jiwe juu yake. Bakuli lake la maji bado liko mlangoni, sijaweza kuliondoa.

Nimelia sana. Shemeji yangu, ambaye ndiye anayetusomesha darsa, amesema haya ni maombolezo ya kijahiliya, kwamba "hata mumeo hukumlilia hivi", na kwamba Waislamu wanauawa huku mimi nalilia mnyama. Rafiki yangu ameniambia nimsomee hitima. Mwingine amenitumia kisa cha paka wa Mtume aitwaye Muezza ili kunituliza. Mimi ninachokiogopa zaidi ni hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Je, ni kama mimi? Na je, nitamwona tena?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mama yangu, kulikuwa na swali la mirathi lililotangulia lako, nimelisogeza nyuma. Kilichonifanya nilisogeze ni maneno uliyoambiwa: "hata mumeo hukumlilia hivi." Mjane haambiwi hivyo. Na kwa kuwa yamesemwa kwa jina la dini, ni wajibu wetu tuliosoma kubainisha kwamba dini haikuyasema.

Machozi yako hayana dhambi. Hukumu ndiyo hiyo, na ningeweza kuishia hapo. Lakini hoja ulizoletewa nazisikia mara nyingi siku hizi kwa watu wanaodhani kwamba ukavu wa macho ni daraja katika imani, na mtu mmoja mmoja wanawaumiza wanawake na watoto majumbani.

Wanasema kwanza kwamba hayo ni maombolezo ya kijahiliya. Maombolezo yaliyokatazwa yametajwa kwa vitendo vyake. Katika hadithi ya Ibn Mas'ud iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amesema si miongoni mwetu anayejipiga mashavu, akachana nguo na kuita wito wa kijahiliya. Wewe ulichana nguo? Ulipiga ukelele wa kumlaumu Mola wako? Umeandika kwamba ulilia, basi. Na kulia alilia Mtume mwenyewe mbele za watu. Alipopewa mjukuu wake aliyekuwa akikata roho, macho yake yalitiririka machozi, na Sa'd bin Ubada akashangaa, akauliza: ni nini hiki, ewe Mtume wa Allah? Akajibiwa kwamba hii ni rehema ambayo Allah ameiweka katika nyoyo za waja Wake, na kwamba Allah huwarehemu katika waja Wake wale wenye huruma. Sa'd alikuwa bwana wa Khazraj, kabila la Madina, sahaba mkubwa, na bado alihitaji kufundishwa jambo hili. Shemeji yako naye asione vibaya kufundishwa.

Atasema: yule alikuwa mtoto wa Adamu, na huyu ni mnyama. Basi twende nyumbani kwa Ummu Sulaym. Alikuwa na mtoto mdogo, ndugu yake Anas bin Malik kwa mama, aliyekuwa akiitwa Abu Umayr, na mtoto huyo alikuwa na kindege cha kuchezea aina ya nughar. Mtume (s.a.w.) alikuwa na mazoea ya kuingia nyumba ile. Siku moja akamkuta mtoto ana huzuni, akauliza ana nini. Akaambiwa: nughar wake amekufa. Akamgeukia mtoto akamwuliza: "Ewe Abu Umayr, amefanya nini nughayr?" Kwa Kiarabu maneno hayo yana vina, ya Aba Umayr, ma fa'ala an-nughayr, kama kijishairi cha kumliwaza mtoto. Asili ya hadithi imo kwa Bukhari na Muslim, na Abu Dawud ameipokea pamoja na habari ya kufa kwa ndege. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 335 Hijria, aliiandikia hadithi hii fupi kijitabu kizima, akatoa ndani yake mafunzo 60.

Funzo ninalolihitaji mimi leo ni moja: hakumwambia mtoto "ni ndege tu". Wala usiambiwe kwamba alinyamaza kwa kuwa yule ni mtoto na mtoto husamehewa. Mtume (s.a.w.) aliwasahihisha watoto. Ndiye aliyemwambia Umar bin Abi Salama, mkono wake ukizungukazunguka kwenye sahani: taja jina la Allah, kula kwa mkono wako wa kulia, na kula kilicho mbele yako. Lau ingekuwa huzuni ile ina kasoro, ule ndio ulikuwa wakati wa kuisahihisha, na badala yake akaikalia karibu. Na hakuikalia karibu huzuni ya watu peke yao. Alipotengenezewa mimbari na kuliacha gogo la mtende alilokuwa akiliegemea wakati wa hotuba, gogo lile lilitoa sauti ya kilio iliyosikika kama ya ngamia mwenye mimba ya miezi kumi. Alishuka kwenye mimbari akaliwekea mkono mpaka likatulia. Dini ambayo Mtume wake alikatiza jambo lake ili kulituliza gogo haiwezi kumkaripia mjane aliyefiwa na kiumbe kilichokuwa kikilala miguuni pake.

Hoja ya pili ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu inakuja imevaa ghera: Waislamu wanauawa, nawe walilia mnyama? Naichukulia hoja hii kwa uzito, maana kuwasahau ndugu zetu ni kosa kweli. Lakini nani amesema kwamba chozi lililomdondokea paka limeibwa kwa ndugu zako? Utakuta anayemhurumia paka ndiye huyo huyo anayeamka usiku kuwaombea waliodhulumiwa.

Tazama Hudaybiya, karibu na Makka, mwaka wa 6 Hijria. Waislamu zaidi ya elfu moja wako katika ihramu, Makureshi wamewazuilia Makka, damu iko karibu kumwagika. Katikati ya shida ile ngamia wa Mtume, Qaswa, akapiga magoti akakataa kuinuka. Watu wakasema: Qaswa amekaidi, Qaswa amekaidi. Mtume (s.a.w.) akasema: "Qaswa hakukaidi, na hiyo si tabia yake, bali amemzuia Yule aliyemzuia tembo," yaani Allah, aliyemzuia tembo wa jeshi la Abraha asiifikie Kaaba. Imo kwa Bukhari. Katika saa ile alipata nafasi ya kumtetea ngamia kwa jina lake, na ya kusema kwamba anaijua tabia yake. Hakuna sahaba aliyeinuka kumwambia kwamba kuna mambo makubwa zaidi ya heshima ya ngamia. Na Ibn Mas'ud amesimulia kwamba walikuwa safarini, wakachukua vifaranga viwili vya ndege, mama yao akaja akitandaza mbawa zake juu ya watu. Mtume (s.a.w.) alipomwona akauliza ni nani aliyemtia huyu uchungu kwa ajili ya wanawe, na akaamrisha arudishiwe. Aliyekuwa akibeba mzigo wa umma mzima ndiye aliyeuona uchungu wa ndege. Sisi ambao hatubebi hata robo yake tusijifanye tuna shughuli zaidi.

Sasa kuhusu mumeo. Mimi sijui kilichomo moyoni mwako, na shemeji yako hajui pia. Ninachojua kwa kukaa na wafiwa miaka mingi ni kwamba mjane siku zile huwa hana nafasi ya kulia. Nyumba imejaa watu, kuna wa kupokewa na wa kulishwa, kuna madeni ya kuulizia, kuna eda ya miezi minne na siku kumi ya kuitimiza. Kisha watu wanaondoka. Umeandika kwamba paka yule aliendelea kumngoja mumeo mlangoni. Basi jioni zile mlikuwa wawili mnaomkumbuka, na sasa umebaki peke yako. Ukilia kwa hilo, anayekuhesabia machozi na kuyapima ya nani ni mengi amejitwisha kazi ambayo hakupewa.

Nikirudi upande wa pili, rafiki yako anakupenda lakini amekosea, na hapa sitalegeza. Usimsomee paka hitima. Wanachuoni wamezungumza sana juu ya kuwasomea maiti wa Kiislamu na wamekhitilafiana, ila mazungumzo yao yote ni juu ya mtu aliyekalifishwa, aliyeandikiwa mema na mabaya. Paka hakuandikiwa kitu. Utamwombea maghfira kwa dhambi gani? Kumpelekea yeye ibada iliyowekwa kwa ajili ya waja wenye hesabu ni kuzua, na hakuzidishi chochote katika kumpenda. Vivyo hivyo haoshwi wala haswaliwi. Kumzika si wajibu, lakini umefanya vizuri, kwani mzoga uliotupwa huwaudhi watu. Kanzu si sanda ya kisheria, na madhali ilikuwa kuukuu na hukuikusudia kuwa ibada, haikudhuru kitu. Jiwe liache ikiwa ni alama ya kuzuia pasichimbwe. Usiliandike wala usilijengee, maana Mtume (s.a.w.) amekataza kujengea hata makaburi ya watu na kuyapaka chokaa, kama ilivyo kwa Muslim kutoka kwa Jabir. Picha zake zikiwa ndani ya simu yako, sioni ubaya wa kuzitazama.

Kisa cha Muezza, kwamba Mtume (s.a.w.) alikata mkono wa nguo yake ili asimwamshe paka aliyelala juu yake, hakimo katika vitabu vya hadithi tunavyovitegemea. Usikisimulie kama hadithi. Tunayo iliyothibiti, ya sahaba Abu Qatada aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu mpaka akanywa, kisha akamweleza Kabsha bint Ka'b aliyekuwa akimtazama kwa mshangao kwamba Mtume amesema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaowazungukia nyumbani. Neno hilo la kuwazungukia linatosha. Limemfanya kuwa mtu wa nyumba.

Mwanamke wa Motoni: hofu yako hii imenihuzunisha kuliko yote. Soma maneno ya hadithi mpaka mwisho. Alimfungia paka, hakumlisha alipomfungia, wala hakumwachia ale vijidudu vya ardhini, mpaka akafa. Kosa lake ni kumzuilia njia zote za kuishi huku akiona. Wewe umemlisha miaka 13. Mwanachuoni Izz ad-Din bin Abdissalam, alipotaja haki za wanyama juu ya wanadamu, amesema wapewe matumizi yao hata wakizeeka au wakiugua kiasi cha kutofaa kitu tena. Haki hiyo uliitimiza. Zile siku nne ulikadiria ukakosea, na Allah amesema katika Surat al-Ahzab, aya ya 5, kwamba hakuna lawama juu yenu katika mliyoyakosea, ila katika yale ambayo nyoyo zenu zimeyakusudia. Paka, kama wanavyosema waganga wa mifugo, huuficha ugonjwa wake mpaka umezidi, na figo za paka mzee aghalabu hudhoofika polepole kwa muda mrefu kabla ya dalili kuonekana. Mwulize daktari wako atakwambia. Katika vitabu hivyo hivyo vya Sahihi kuna mwanamke wa Bani Israil, kahaba, aliyemtekea mbwa maji kwa kiatu chake akasamehewa. Wanaokutisha kwa wa kwanza wakusimulie na huyu.

Umeuliza kama utamwona tena. Wanyama watakusanywa. Allah amesema katika Surat al-An'am, aya ya 38, kwamba wao ni umati kama nyinyi, kisha watakusanywa kwa Mola wao. Na imethibiti kwa Muslim kwamba hata mbuzi asiye na pembe atalipiziwa kwa mwenye pembe. Wengi katika wafasiri wanasema baada ya kulipana kisasi wataambiwa wawe udongo. Wakati huo huo Allah amesema juu ya Pepo, katika az-Zukhruf aya ya 71, kwamba humo mna vile ambavyo nafsi zinavitamani na macho yanavifurahia. Sikuahidi nisilo na dalili yake, wala sikufungii mlango ambao Mola wako ameuacha wazi. Ombea kwanza uingie.

Bakuli usiliondoe. Lijaze maji kila asubuhi, wanywe paka wasio na mwenyewe, kwani Mtume (s.a.w.) amesema katika kila chenye ini bichi, yaani kila kiumbe hai, kuna ujira. Na ukilijaza, nuia thawabu zimfikie mumeo, maana ndiye aliyekuletea kiumbe yule nyumbani. Sa'd bin Ubada niliyemtaja, yule yule aliyeyashangaa machozi, alifiwa na mama yake akiwa hayupo. Alikuja akauliza kama sadaka itamfaa, akaambiwa ndiyo, akatoa bustani yake ya Mikhraf kwa ajili yake. Wewe una bakuli.

Wallahu a'lam.