Siku ya kwanza Addis Ababa, begi likiwa mgongoni

Siku ya kwanza katika nchi ya watu si ya kutalii. Najua wengi mtapinga, kwa sababu nauli imelipwa, likizo ni fupi na hamu ni kubwa. Lakini safari zangu zilizokwenda vizuri ni zile ambazo siku hiyo niliitumia kujipanga tu. Nitatumia mfano wa Addis Ababa, maana vijana wengi wa Dar na Nairobi wananiuliza kuhusu Ethiopia.

Tuanze na mwili. Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa pwani akipanda ngazi mbili tatu na begi zito, pumzi inakata. Usiogope, hewa ya kule ni nyepesi. Tembea taratibu, kunywa maji, na mlima Entoto, unaopita mita 3,000, uache kwanza. Usiku kuna baridi ya kweli, kwa hiyo sweta likae juu kabisa kwenye begi. Ukienda kati ya Juni na Septemba, beba na koti la mvua.

Chagua ndege inayotua mchana, hata kama inazidi bei kidogo. Kitanda cha usiku wa kwanza kiwe kimeshalipiwa au kuthibitishwa, hayo mengine utayatafuta ukiwa huko. Maandishi ya Kiamhara hutaweza kuyasoma, na madereva wa Addis huelekezana kwa kanisa, ubalozi au mzunguko wa barabara kuliko kwa jina la mtaa. Kwa hiyo waombe wenye nyumba ya wageni wakutumie picha ya anwani iliyoandikwa kwa herufi zao, pamoja na namba ya simu. Dereva akipotea, mpe simu aongee nao mwenyewe. Teksi za kuita kwa simu zipo, kama Ride na Feres. Daladala zao za bluu na nyeupe ni nzuri na nafuu, ila zisubiri kesho, ukiwa huna mzigo.

Shilingi ya Tanzania kuibadilisha kule ni kazi. Beba dola safi zisizochanika, badilisha kiasi kidogo benki ya uwanjani, kisha nunua laini ya simu hapo hapo ukiwa na pasipoti mkononi. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau, utaihitaji hata wakati wa kurudi nyumbani.

Sasa saa, jambo linalonifurahisha kuliko yote. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, halafu saa moja. Wageni wa Ulaya huhangaika, sisi tuko nyumbani. Lakini kuwa makini. Kwetu tunasema saa mbili huku mshale uko kwenye nane; kule wengi mshale wenyewe wanauweka kwenye mbili. Kwa hiyo 2:00 kwenye tiketi ya basi inaweza kuwa saa mbili asubuhi, na 2:00 kwenye tiketi ya ndege ni saa nane usiku. Uliza kila mara, asubuhi au usiku? Tarehe nazo ni zao. Mwaka una miezi 13, huanza Septemba, na hesabu iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Ukiona mwaka wa ajabu kwenye tiketi, mwombe mhudumu akuonyeshe siku kwenye kalenda ya simu yako.

Jioni tembea mtaa wako tu, kwa miguu, hadi ujue duka la maji, benki na kona ya kurudia. Kisha kula. Jumatano na Ijumaa ni siku za mfungo wa Waorthodoksi, na migahawa mingi hupika vyakula visivyo na nyama, maziwa wala mayai. Agiza beyaynetu: injera kubwa, yaani mkate wao mwembamba na laini wenye uchachu, iliyopangwa dengu, shiro (mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde) na mboga za rangi rangi, mnakula sinia moja kwa mkono wa kulia. Muislamu ajue kwamba nyama ya Wakristo na ya Waislamu huchinjwa na kuuzwa mbalimbali, hivyo aulize mgahawa ni wa nani. Na ukikaribishwa kahawa, kaa. Humiminwa mara tatu, haikimbizwi, na hapo ndipo mimi nimepata maelekezo mazuri kuliko ya ramani yoyote.

Kabla ya kulala waulize wenyeji hali ya barabara za mikoani, kwa sababu usalama hutofautiana eneo na eneo, ndipo upange basi. Pesa zigawe sehemu mbili, pasipoti iwe mbali na zote. Halafu mtumie mtu wa nyumbani jina la ulipofikia, namba yao ya simu, na siku unayotarajia kuondoka Addis.