MASWALI YENU: Faini ya pombe, kodi ya kichwa na "sheria za jimbo"

SWALI: Ndugu Mhariri, bibi yetu, ambaye sasa ni mzee sana, husimulia kwamba mama yake mzazi alitozwa faini na baraza la mzagila (mtawala mdogo chini ya chifu) kwa kosa la kupika pombe ya mgowe, yaani ya kazi ya kusaidiana, bila kibali, na kwamba baba yake alikwenda Tanga kwenye mkonge kutafuta fedha za kodi. Katika kasha lake tumekuta stakabadhi ya kodi iliyokunjwa mara nne na kadi chakavu yenye vyumba 30. Baadhi ya ndugu husema hizo zilikuwa sheria za jimbo kutoka Mbeya, na wengine wanasema ulikuwa ukali wa mzagila tu. Ukweli ni upi?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Ndugu msomaji, pande zote mbili zimeshika kipande cha ukweli, lakini neno "sheria za jimbo" linahitaji kusahihishwa kwanza. Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, ambalo makao yake yalikuja kuwa Mbeya, halikuwa na uwezo wa kutunga sheria. Sheria za Tanganyika ya wakati wa Waingereza zilitungwa Dar es Salaam kwa mamlaka ya Gavana, na kuanzia mwaka 1926 kulikuwa na Baraza la Kutunga Sheria ambalo wakati huo halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Kilichoshuka hadi kijijini hakikuwa kitabu cha sheria bali amri, na hapo ndipo faini ya mama yake bibi ilipotokea.

Mwaka huohuo wa 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ilipitishwa sheria ya mamlaka za wenyeji. Iliwapa machifu waliotambuliwa na serikali uwezo wa kutoa amri kwa watu wao juu ya mambo ya kila siku: kupika na kuuza pombe, kubeba silaha, kukata miti, kuzuia magonjwa yasienee, na mengineyo. Huku kwetu machifu hao waliitwa kila mahali kwa jina lake, mtwa kwa Wahehe, mwene kwa Wasafwa, malafyale kwa Wanyakyusa, na chini ya mtwa walikuwepo wanzagila. Mwaka huo pia ndipo Sapi, mwana wa Mkwawa, alipowekwa kuwa chifu wa Wahehe, karibu miaka 30 baada ya baba yake kujiua ili asikamatwe na Wajerumani.

Ukisoma sheria ile juu juu, utadhani mtwa alirudishiwa nguvu zake. Lakini Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya, aliweza kumwagiza chifu atoe amri fulani, na chifu akikataa au akizembea, ofisa aliweza kuitoa yeye mwenyewe. Amri iliyomchukiza mkubwa wa jimbo iliweza kufutwa. Chifu alilipwa mshahara, na faini za baraza ziliingia katika hazina ya wenyeji, ambamo ndimo mshahara huo ulimotoka. Kwa maoni yangu, hili ndilo jambo zito kuliko yote katika utawala ule: sauti iliyosikika barazani ilikuwa ya mzagila, mkono uliopokea faini ulikuwa wake, na lawama ikabaki kwake hadi leo katika masimulizi ya wajukuu, ilhali boma lilisimama nyuma yake muda wote.

Tuitazame pombe yenyewe. Mgowe, kama wanavyojua wazee wa Iringa na Njombe, ni kazi ya kusaidiana: mwenye shamba huwaita majirani, wanalima tangu asubuhi, na jioni wanakuta pombe ya ulezi imeiva. Mwanamke aliyelowesha ulezi wake, akauotesha, akaukausha, akausaga na kuupika kwa siku kadhaa, hakuwa akifanya biashara, bali alikuwa akiandaa ujira wa watu waliomsaidia. Amri ya kibali ilipofika, kazi ile ile ya mikono yake iligeuka kosa la kushtakiwa. Watawala walikuwa na hoja zao, hasa kuhifadhi nafaka wakati wa upungufu na kuzuia ulevi. Hata hivyo, amri haikutofautisha sana chungu cha mgowe na chungu cha kuuza, na walioumia zaidi ni wanawake, ambao hawakuwa na sauti barazani.

Kukata rufaa kuliwezekana, lakini njia yake ilikuwa nyembamba. Sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929 iliziondoa mahakama hizo chini ya Mahakama Kuu na kuziweka mikononi mwa watawala: ofisa wa wilaya, kisha mkubwa wa jimbo, na mwisho Gavana. Mawakili hawakuruhusiwa. Kwa hiyo aliyelalamikia amri alipeleka malalamiko yake kwa walewale walioisimamia.

Kuhusu kodi, hiyo haikuwa amri ya chifu bali sheria ya nchi nzima, ya mwaka 1922, iliyotoza kila nyumba na kila mwanamume mzima asiye na nyumba. Mwenye wake wengi alitozwa zaidi. Aliyeshindwa kulipa aliweza kufanyishwa kazi ya serikali badala ya fedha, na ndiyo maana stakabadhi ilitunzwa kama ilivyotunzwa hiyo. Kadi mliyoikuta yaelekea ni kipande cha kazi: kila siku iliyokamilika ilitiwa alama katika chumba kimoja, na mshahara ulidaiwa vyumba vyote 30 vilipojaa. Maelfu ya wanaume wa nyanda hizi walikwenda mkonge hivyo, wakaitwa manamba.

Tafadhali msiibandike kadi hiyo kwa gundi wala kuiweka kwenye nailoni. Ifungeni katika karatasi safi kavu, na mwandikieni bibi maneno yake angali anakumbuka.

SWALI: Je, sheria zote za wakoloni zilifutwa baada ya uhuru?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Si zote. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na mahakama zao zikaingizwa katika mfumo mmoja wa mahakama, ambamo Mahakama ya Mwanzo ndiyo ya chini kabisa. Hata humo mawakili waliendelea kuzuiwa kwa miongo mingi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ilidumu hadi nafasi yake ilipochukuliwa na sheria mbili za mwaka 1999, moja ya ardhi na nyingine ya ardhi ya vijiji. Sheria ya uchawi ya mwaka 1928 ingali katika vitabu vya sheria za Tanzania.