Jibu: Bomba limevuja chini ya sinki, bima ya nyumba italipa?

Ndugu, umeandika kwamba bomba la chini ya sinki limevuja na umekuta ukungu na mbao zilizooza; inategemea maji yalitokaje. Bima nyingi za nyumba hufidia bomba lililopasuka ghafla. Yale yaliyovuja kidogo kidogo kwa miezi huhesabiwa uchakavu, hayalipwi. Huo ukungu na mbao zilizooza ulizozitaja ndizo mkaguzi atakazozitazama kwanza, kwa hiyo usitegemee sana. Na hata dai likikubaliwa, kwa kawaida hulipwa kabati na sakafu. Bomba lenyewe ni juu yako.

Funga valvu kuu sasa hivi, piga picha kabla ya kukausha, kisha toa taarifa kwa kampuni ya bima kwa maandishi leo leo. Tafadhali usitupe kipande cha bomba kitakachokatwa! Ufa mpya na kutu ya zamani havifanani, na bila kipande hicho huna cha kuonyesha. Fundi aandike chanzo na tarehe. Ukuta usiubomoe kabla ya ukaguzi.

Tazama pia thamani uliyoandikisha. Ukiikatia nyumba bima ya nusu ya gharama ya kuijenga upya, mikataba mingi hulipa nusu tu ya hasara, hata hasara yenyewe ikiwa ndogo.